Kinanda cha Rangi ya Halua

Wenzangu wa karakana, siku mliyoniaga nikistaafu mlinipa saa ya ukutani na mkanitaka niandike "mambo ya kazi" ili wanaokuja wapate kusoma. Saa ilisimama kabla sijafika nayo nyumbani. Nimeifungua, nimeisafisha, sasa inakwenda. Imebaki ahadi ya kuandika.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Barua zake zimo kwenye faili, na mwenye kutafuta usingizi akazisome. Nitaeleza mashine moja tu. Haikuwa hata ya ofisi, lakini ilinifunza kazi kuliko mashine zote nilizotilia saini.

Nilianza mwaka 1985, msichana wa miaka ishirini na moja, nimetoka chuo cha ufundi na cheti mkononi na viatu vipya vinavyonibana. Karakana ya redio ilikuwa chumba kirefu cha ghorofa ya kwanza, humu humu Mji Mkongwe, kina dirisha moja linalotazama kichochoro, na kinanuka risasi ya kuungia nyaya iliyoyeyuka. Mkubwa wake alikuwa Bwana Seif, mtu wa Malindi ya hapa mjini, Mwarabu kwa asili. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu, yeye alikuwa na baskeli. Hakuniuliza cheti. Aliniwekea mezani vipande vitatu vilivyoungua, akanambia, "Nusa."

Nikanusa.

"Kipi transfoma?"

Nikabahatisha, nikakosa.

"Nusa tena. Mita itakwambia kitu kimekufa. Pua itakwambia kimekufa vipi."

Wiki nzima kazi yangu ikawa kunusa. Mama aliniuliza kama nimeajiriwa redioni au jikoni. Lakini ilipofika Ijumaa nilikuwa naijua harufu ya transfoma, ya waya uliokaangika, na ya chai iliyomwagwa na mtu anayekana.

Katika mwaka wangu wa tatu akaja Maalim Abeid. Alikuwa akisomesha hesabu skuli moja ya mitaa ya Ng'ambo, na jioni akipiga kinanda katika kikundi cha taarab ambacho kila baada ya miezi michache kilikuja studio kwetu kurikodi. Siku hiyo alikuja na hamali aliyebeba kitu kirefu kilichofungwa blanketi, mfano wa maiti ya mtoto. Nilimwamkia.

"Marahaba," akasema. "Fundi yuko wapi?"

"Fundi mimi."

Akatazama nyuma yangu. Bwana Seif hakuinua kichwa. "Ndiye huyo," akasema. "Mimi leo pua ina mafua."

Blanketi likafunguliwa. Nilikuwa nimezoea vinanda vya mbao na vile vya umeme vikubwa kama kabati. Hiki kilikuwa chembamba, cheusi kwa mbali na kahawia kwa karibu, rangi ya halua iliyoiva vizuri. Juu yake palikuwa na vitufe bapa vya kijani na buluu vilivyopangwa kama vigae, na kidirisha kidogo cha kuonyesha maandishi. Shemeji yake alimletea kutoka Jidda. Huko alikokitoa umeme wa majumbani ulikuwa mdogo kuliko wetu. Maalim alikichomeka ukutani kwake Kikwajuni mbele ya familia nzima, kikasema puu, kikanyamaza. Ndugu zake walimpa pole kama aliyefiwa.

Nikakifungua, nikainamisha pua. Transfoma. Bodi zote nzima, safi kama sahani za harusi. Transfoma ya kubadilisha haikuwepo mjini, kwa hiyo nilitoa waya wa shaba kwenye feni mbovu nikaisuka upya kwa mkono. Kusuka transfoma ni kazi rahisi: unazungusha waya na unahesabu. Tabu ni kwamba Unguja kila apitaye atakusalimu, na salamu haina majibu ya neno moja. Nilifika mia saba na kitu, mtu akaniuliza habari za nyumbani, nikaanza tena. Siku ya pili nilijifungia stoo.

Siku ya tatu nikakiwasha. Kidirisha kikawaka. Maalim akakaa, akafuta mikono kwenye kanzu, akaweka vidole vinne.

Jamani! Sijui niwaelezeje nyinyi mliozaliwa na sauti hizo masikioni. Ilikuwa piano, lakini kama piano iliyotengenezwa kwa vioo; kila sauti ilianza na kijikengele halafu ikafunguka. Maalim akacheka kwa nguvu kama mtu aliyemwagiwa maji. Akabonyeza kitufe chengine ikatoka besi, chengine zikatoka tarumbeta. Watu wakatoka vyumbani. Msomaji habari alikuja na karatasi zake mkononi na akasahau kurudi mpaka akafuatwa. Mimi nilikuwa nimesimama na bisibisi, nikijiambia: mizunguko yangu ya waya wa feni ndiyo inayokilisha kitu hiki.

Kutoka siku hiyo Maalim akawa mtu wa karakana. Kinanda hicho hakikuwa na sauti za kudumu tu. Ndani yake mlikuwa na mawimbi sita ya umeme, na ukilifanya moja litikise jengine, kwa kiasi hiki au kile, unapata sauti ambayo haijawahi kuwepo. Kilikuwa na nafasi ya kuweka sauti thelathini na mbili, na kila moja uliweza kuipa jina la herufi zisizozidi kumi. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kupita kiasi. Unabonyeza, unasogeza nambari moja, unasikiliza, unasogeza nyengine, kila kitu kinaharibika, unarudi nyuma. Wapigaji wengi wa mjini walikata tamaa na kubaki na sauti zilizokuja nacho. Maalim hakukata tamaa, kwa sababu alikuwa akimtafuta mtu.

Mtu mwenyewe ni Bakari, mdogo wake, aliyekuwa akipiga kodiani, kile kinanda cha mvukuto kinachovaliwa kifuani, katika kikundi chao. Bakari alifariki mwaka mmoja kabla kinanda hakijaja. Kodiani yake ikabaki kabatini, ikala unyevu, mdudu akamalizia. Nyimbo zake chache tulikuwa nazo kwenye kanda za redio na hizo ndizo nilizozijua mimi.

Ramadhani taarab hulala. Basi Ramadhani mbili mfululizo, skuli zikifungwa, Maalim alikuja karakana kila asubuhi, kwa kuwa spika nzuri ilikuwa kwetu, akakaa pembeni akibonyeza. Funga yenyewe na sauti zile! Kuna siku zilitoka kama paka aliyebanwa na mlango. Bwana Seif akasema thawabu zake za funga zinapungua kwa kuvumilia kwa shida.

Ramadhani ya pili, siku za mwishoni, nilikuwa nimeinamia rikoda nikasikia kodiani. Nikainuka nikidhani kuna mtu kaweka kanda. Hapakuwa na kanda. Maalim alikuwa amekaa, mkono wa kulia juu ya vibao, kidole gumba cha kushoto kwenye kigurudumu cha kupindia sauti, machozi yanamtoka.

"Saada," akaniita.

"Naam."

"Umesikia nani?"

"Bwana Bakari."

Akavua kofia akajifutia uso. Kisha akaandika kwenye kidirisha, herufi moja moja: BAKARI. Ilikuwa nafasi ya kumi na nne.

Nikamwambia, "Maalim, sasa andika nambari zake zote kwenye daftari. Kitu hiki ni mashine."

"Sauti inaandikwa?"

"Wewe si unasomesha hesabu?"

"Ndiyo maana naijua mipaka yake."

Nikamwacha. Hilo ni kosa langu na naliandika hapa mlione. Mwanamuziki akikataa kuandika, andika wewe.

Nyimbo zilizopigwa na sauti ile zilishika kisiwa kizima. Nilikwenda harusini Makunduchi nikakuta watoto wanaiigiza kwa midomo. Vikundi vyengine vilituma watu kumpeleleza Maalim amenunua wapi kodiani mpya. Yeye alifunga mdomo, akafunga na kinanda kwenye blanketi.

Katikati ya miaka ya tisini, asubuhi moja, Maalim akaingia karakana bila kusalimu. Kwa mtu wa adabu zake nilijua ni msiba.

"Kinanambia betri imekwisha," akasema.

Ndani ya kinanda mna betri ndogo, duara, kama ile ya saa. Kazi yake ni kushika kumbukumbu umeme unapozimwa. Ikifa, sauti zote ulizotunga zinafutika, na haziko popote tena. Palikuwa na tundu la kuchomeka kidude cha kuhifadhia, lakini kutoka Jidda hakikuja nacho na mjini hakuna aliyekuwa nacho. Na betri ile haikuchomekwa tu, ilikuwa imeungwa kwa risasi kwenye bodi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza, kubadilisha betri huku kinanda kimewashwa, umeme wa ukutani ushike kumbukumbu. Nyepesi, lakini kwetu kutegemea umeme wa ukutani ni kamari. Ya pili, kuunga kwanza betri mbili za tochi pembeni, kwa nyaya, zishike kumbukumbu wakati nachomoa kuukuu na kutia mpya. Nikachagua ya pili, nikajiona mjanja.

Waya mmoja uliunganika vizuri. Wa pili mahali pake palikuwa pembamba, haukukaa. Nikamwekea Maalim kijiti cha mshikaki mkononi. "Ubane hapa. Ukiachia, umefuta."

Akabana. Nikayeyusha risasi yake, nikachomoa betri kuukuu. Nikaichukua mpya, nikaiweka mahali pake, nikanyanyua chuma cha kuchomea risasi, na feni ya darini ikaanza kupunguza mwendo. Ikasimama.

"Umekwenda," nikasema.

Maalim akauliza, "Bakari?"

"Umeme. Usiondoe kijiti."

Chuma changu kilikuwa cha umeme. Baada ya dakika moja kilikuwa hakiyeyushi hata nta. Tukabaki hivyo: betri mpya haijashika, kuukuu iko mezani, na ndugu wa mtu amening'inia kwenye ncha ya kijiti cha mshikaki.

Bwana Seif, aliyekuwa amebakisha miezi michache kustaafu, akafungua mtoto wa meza wa chini kabisa, akatoa chuma cha zamani cha shaba chenye mpini wa mbao, kama wanachotumia mafundi bati. Chuma hicho hakijui umeme, unakitia motoni. Ncha yake ilikuwa nene kama kidole gumba, ingeunguza nusu ya bodi. Nikakata kipande cha waya mnene wa shaba, nikauzungushia kwenye ncha, nikaacha inchi moja imetokeza kama penseli. Kisha nikashuka ngazi mbio.

Pale kichochoroni Bi Mize alikuwa akikaanga mihogo.

"Bi Mize, naomba moto!"

"Wa kula au wa kuazima?"

"Wa kuazima."

Akasogeza karai. Nikapasha chuma mpaka kikabadilika rangi, nikapanda mbio. Nilipofika juu kilikuwa kimepoa. Risasi ikawa kama uji wa jana. Nikashuka tena, nikapanda tena, hali ile ile. Mara ya tatu Bi Mize akaniuliza nafukuzwa na nini. Nilimweleza kwa maneno matatu: sauti ya Bakari. Akaepua karai, akashika jiko kwa kanga mbili. "Basi jiko lije," akasema, akapanda ngazi nalo, makaa yanawaka, na wateja wake nyuma na mihogo yao mikononi.

Ukutani kwa karakana palikuwa na tangazo la kukataza hata sigara. Bwana Seif akaenda kusimama mbele yake, akaliziba kwa mgongo.

Nikaweka chuma kwenye makaa, miguuni pangu. Moshi ukajaa chumba.

"Saada," Maalim akasema polepole, "naomba nikohoe."

"Usikohoe."

"Huu moshi..."

"Maalim, kohoa kesho."

Nikagusisha ncha, nikasubiri mpaka niliponusa risasi imeanza kuyeyuka. Harufu ile ikanituliza. Mguu wa kwanza wa betri ukashika. Chuma motoni tena, hesabu mpaka thelathini, mguu wa pili. Nikapuliza. Nikautikisa. Umeshika.

"Ondoa kijiti."

Akakiondoa, akakohoa mpaka wateja wakamshika mabega.

Lakini umeme haujarudi, na bila umeme hatukuweza kujua kama kumbukumbu imepona au imekufa zamani. Hakuna aliyeondoka. Mihogo ikaliwa pale pale, Bi Mize akakaa juu ya sanduku la spika. Ilikuwa karibu ya alasiri feni ilipozunguka. Nikawasha. Maneno ya betri hayapo. Maalim akabonyeza kumi na nne, na kidirisha kikaandika BAKARI.

Akapiga. Bi Mize akaachia kigelegele cha kupasua vioo. Mimi nilijikuta namrukia Bwana Seif shingoni, jambo ambalo halimo katika kanuni za utumishi. Akanitoa mikono taratibu. "Toeni moto huo," akasema, "kabla mkurugenzi naye hajajifunza kunusa."

Basi, kabla hujachomoa kitu kwenye mashine ya mtu, uliza: mashine hii inakumbuka nini, na kwa ajili ya nani?

Miaka ya elfu mbili vinanda vipya vikamiminika. Vilikuwa vyepesi, vina sauti mamia, na ngoma zinajipiga zenyewe. Nilidhani kazi yangu na vile vya rangi ya halua imekwisha. Kumbe ndiyo ilianza. Wapigaji, tena vijana, walianza kuja mmoja mmoja. "Bi Saada, hujasikia pahala kinauzwa kile cha zamani?" Walikuwa na vinanda vya kisasa majumbani na walikuwa wakitafuta kitu chenye kidirisha cha kuumiza macho. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akanambia, "Hivi vipya vinanipa kila kitu. Kile kilikuwa kikinikatalia."

Aliyekuwa na kiu kuliko wote ni Rahma, binti wa seremala wa mtaa wa Amani, watu wa asili ya bara. Alikuwa akipiga katika kikundi kilichoshindana na cha Maalim kwa miaka. Mashabiki wa vikundi hivyo viwili hata baraza moja hawakukaa. Chake alikipata Mkokotoni, dukani, kimewekewa televisheni juu. Vibao vitano vilikuwa havitoi sauti kwa chumvi ya pwani. Nilisafisha kwa spiriti na pamba, nikabadilisha betri, safari hii bila moto.

Alipokipiga mara ya kwanza alinikumbatia. Kisha akanambia anachotaka. "Ile kodiani ya redioni. Nilikuwa mdogo, mama akiisikia anaacha kufua."

Nikampeleka kwa Maalim, aliyekuwa ameshastaafu skuli, vidole vimeanza kukakamaa. Akamtilia kahawa, akauliza habari za wazee wake mmoja mmoja. Kisha akasema, "Mwanangu, ile ni sauti ya ndugu yangu. Na kikundi chenu kina nyimbo za kutusema sisi."

"Nimefahamu, Maalim," Rahma akasema. Hakubembeleza. Njiani aliniuliza tu kama anaweza kupata kona karakana siku za Jumamosi.

Akaanza. Alikuja na daftari, akiandika kila nambari, na mimi nikamshukuru Mungu. Jumamosi ya kwanza paka akabanwa na mlango. Ya tatu ikaanza kuwa kodiani. Na kuanzia ya tatu hiyo Maalim naye akaanza kuja, na redio mkononi, akidai inakwaruza. Redio ilikuwa nzima. Aliniachia, akashuka, akakaa kwenye kibaraza cha Bi Mize chini ya dirisha letu. Nilimwona akila mihogo polepole kuliko binadamu yeyote.

Jumamosi ya sita Rahma alipiga nikadhani amefika. Kodiani safi, tamu. Kutoka kichochoroni ikapanda sauti: "Siyo!"

Tukasikia miguu ngazini. Maalim akaingia akihema.

"Siyo hivyo. Hiyo kodiani nzima."

"Si ndiyo, Maalim?" Rahma akasema. "Kodiani."

"Yake haikuwa nzima. Mvukuto ulikuwa na tundu, ametia plasta ya kidonda. Akishikilia sauti, upepo unavuja, inazama kidogo mwishoni. Unywele tu. Kila mtu akimwambia azibe vizuri. Akijibu, nikiziba haitanijua." Akavuta kiti. "Sogea."

Vidole havikumtii, basi akawa anasema na Rahma anabonyeza. "Hapo. Punguza. Umepita. Rudi moja. Tena." Rahma anaandika, anabonyeza, anaandika. Adhana ya adhuhuri ilipomalizika, Maalim akainua mkono. Rahma akapiga sauti moja, akaishikilia. Ikasimama, ikasimama, na mwishoni ikazama, unywele.

Nikaweka chuma changu chini.

"Ipe jina," Maalim akasema.

Rahma akaanza na B. Maalim akamshika kidole. "Bakari wangu ninaye. Huyo wako."

Akafikiri kidogo, akaandika RAHMA.

Wiki mbili baadaye kikundi chake kilikuja kurikodi. Maalim alikuja pia na redio yake nzima, nikamkalisha pembeni yangu chumba cha mitambo. Wimbo ukaanza kwa kodiani ile peke yake, halafu mwimbaji akaingia na maneno makali, beti nne za kukitukana kikundi cha Maalim, bila kufumba. Nilimtazama kwa wasiwasi. Alikuwa amefumba macho, anapiga goti kwa kiganja.

"Wimbo wao mbaya," akaninong'oneza. "Lakini sikiliza inavyozama."